Mitamba watatu wa mama mdogo, na uongo wa ng'ombe unavyofika mahakamani

Mi nimekaa mnada wa ng'ombe wa Pugu, Dar es Salaam, miaka kadhaa chini ya dalali mmoja mtu wa Singida, kwaiyo nikisema kwenye biashara ya ng'ombe uongo umeshaingizwa kwenye bei simwonei mtu. Muuzaji anajua anadanganya, mnunuzi anajua anadanganywa, dalali yupo katikati anakula pande zote mbili na mchana wote wanakutana kwenye supu. Ng'ombe ametoka Shinyanga au Tabora kwenye fuso, kachoka, mbavu zinahesabika, akifika anapigwa chumvi anakunywa maji ndoo kwa ndoo mpaka tumbo linatuna, asubuhi anaingia uwanjani unaona dume la maana. Mnunuzi mzoefu hata tumbo haangalii, anaangalia nundu, anapitisha mkono mgongoni mpaka kiunoni, anashika shina la mkia, anapiga bei yake kichwani anasepa. Mizani ipo minada mingi tu ila watu wanapenda kununua kwa macho, maana kwenye macho ndo kuna hela ya mjanja.

Watu wanasema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Jamani mnadani hakuna gunia, mnyama unamwona vizuri kabisa, unamshika, unamzunguka, unamfungua mdomo, na bado unapigwa.

Sasa hayo ya chumvi na maji sijawahi kuona mtu kaenda nayo polisi na angeenda wangemcheka. Ila kuna uongo wa aina nyingine, na huo sikuuelewa Pugu, nimeuelewa kwa mama yangu mdogo baada ya yeye kuuziwa mitamba, yani ng'ombe jike ambao hawajawahi kuzaa.

Mama mdogo ni mwalimu mstaafu, anakaa Kibaha, ana eneo lake zuri tu na alikua na ndoto ya maziwa tangu yuko kazini. Kiinua mgongo kilipotoka akaingia kwenye grupu moja la wafugaji kwenye simu, humo akakutana na kijana mmoja anajiita mfugaji wa Kilimanjaro, anaposti picha za ng'ombe wasafi, zizi la sementi, majani yamekatwakatwa vizuri. Akamwandikia "mwalimu shikamoo, nina mitamba watatu chotara wa Friziani, nimezalisha mwenyewe hapa shambani kwangu, wamehamilishwa mbegu nzuri wana mimba ya miezi mitano, daktari kawapima na vyeti vipo, wakizaa watakupa lita 18 bila shida." Bei milioni 2 na laki 4 kila mmoja, usafiri juu yake. Friziani ni ng'ombe wa kizungu wa maziwa, na kuhamilishwa ni kupandikizwa mbegu na mtaalamu bila dume. Hayo maneno yashike, tutayarudia moja moja.

Mi wakati huo niko Kahama kwenye mizunguko yangu. Nimepigiwa simu kuambiwa kuna mzigo unakuja wakati fuso limeshafika Chalinze, hela imeshatumwa yote, unafanyaje? Unasema hongera mama.

Niliporudi nikaenda kuwaona. Kwa macho wazuri, siwezi kusema uongo. Nikamfungua mmoja mdomo, aliambiwa ana miaka miwili, nikakuta meno ya kikubwa sita mbele. Ng'ombe anabadilisha meno mawili ya kwanza akiwa karibu miaka miwili, anaenda akiongeza mawili mawili mpaka yakitimia manane ana miaka minne hivi au zaidi. Meno sita ni mnyama wa miaka mitatu na kitu. Mtamba wa umri huo ambaye hajawahi kuzaa anaweza kuwa mzima tu, labda alikosa chakula utotoni akachelewa, ila ni lazima ujiulize kwanini mwenyewe amekaa nae muda wote huo. Sikumwambia mama mdogo kitu siku ile, alikua anafuraha mno, kashawapa na majina.

Kama wiki mbili mbele mmoja akaanza kulia usiku, asubuhi anawapanda wenzake na ute unaning'inia nyuma. Hilo ni joto, yani anataka dume, hata mtoto wa mfugaji anajua. Mama mdogo akampigia jamaa, jamaa akacheka kidogo akasema "mwalimu usiogope, wapo ng'ombe wana mimba na joto linaonekana." Na hapo ndo utajua tapeli mzuri hasemi uongo mtupu, maana hilo ni kweli kabisa, ng'ombe wachache wenye mimba huwa wanaonyesha joto. Kwaiyo tukasubiri. Baada ya siku 21 kamili akalia tena.

Tukamleta daktari wa mifugo. Akavaa glavu ile ndefu mpaka begani, akaingiza mkono kwa mtamba wa kwanza, kimya, anaangalia juu kama mtu anatafuta kitu mfukoni gizani, akautoa akasema hana. Wa pili hana. Wa tatu hakumwingiza mkono hata. Alimwangalia nyuma muda mrefu, akatuonyesha manyoya marefu yaliyokaa kama kishungi chini ya uke, alafu akachukua kijiti laini cha plastiki akakipaka jeli akakiingiza taratibu, kikaenda kidogo tu kikagota. Kwa mtamba mzima kingekwenda mara mbili au tatu ya pale. Akauliza "mama, huyu alizaliwa pacha?" Mama mdogo angejuaje sasa.

Kwa ambao hamjui, ng'ombe jike akizaliwa pacha na dume, zaidi ya tisa kati ya kumi ni tasa moja kwa moja. Tumboni mishipa ya damu ya wale mapacha inaungana, homoni za dume zinamfikia jike, viungo vyake vya uzazi vinaharibika kabla hajazaliwa. Kwa nje ni ng'ombe mzuri, ananenepa kuliko wenzake sababu hana mimba wala maziwa ya kumnyonya nguvu. Huyo ndo alikua mzuri kuliko wote watatu, huyo ndo mama mdogo alimpenda.

Polisi tulienda siku hiyo hiyo. Afande wa mapokezi alitusikiliza kwa adabu zote alafu akasema lile neno ambalo kila aliyewahi kupigwa kwenye biashara analijua: "mama hii mbona ni kesi ya madai." Mi nlikasirika ila nikikaa nafikiria namwelewa, maana kila siku wanapelekewa watu waliogombana biashara, ng'ombe kafa baada ya wiki, mahindi yameingia wadudu, gari limekataa kuwaka. Wakifungua jalada kwa kila mtu aliyejuta kununua hawatalala.

Kilichotusaidia ni mwanafunzi wa zamani wa mama mdogo ambaye sasa ni wakili. Yeye alichukua yale maneno ya jamaa akayakata vipande. Akasema Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwenye nakala yake ya 2022 kifungu cha 301 kinasema udanganyifu ni kueleza jambo la uongo, kwa maneno au maandishi au hata kwa kitendo, kuhusu kitu kilichopita au kilichopo, na wewe unayesema unajua sio kweli au huamini kama ni kweli. Kinachofuata cha 302 ndo kinasema ukijipatia mali ya mtu hivyo kwa nia ya kumlaghai unaweza kufungwa hadi miaka saba. Sasa akaanza: "watakupa lita 18" hiyo ni ahadi, ni ya mbele, ifute. "Mbegu nzuri" hayo ni maneno ya sokoni, futa. "Wana mimba ya miezi mitano", hicho ni kitu kilichopo siku ile aliposema, ni kweli au sio kweli. "Nimezalisha mwenyewe shambani kwangu", kimeshapita, ni kweli au sio kweli. "Daktari kawapima", kimepita, ni kweli au sio kweli. Akasema tuna vitatu vya kufanyia kazi na sio kuonyesha tu ni uongo, tuonyeshe alikua anajua.

Hapo pa kuonyesha alikua anajua ndo kesi nyingi za mifugo zinafia. Jamaa ana njia ya kutokea kila mahali, atasema mimba ilitoka njiani kwenye fuso, na kweli huwa zinatoka. Atasema na mimi nilidanganywa na daktari.

Basi tukaanza na vyeti. Mama mdogo hafuti kitu kwenye simu yake, meseji zote zipo, sauti zote zipo, picha za vyeti zipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hiyo ila wakili akatuambia picha za skrini peke yake zitabishaniwa, simu yenyewe isibadilishwe, isipelekwe kwa fundi, ikae. Tukampa daktari wetu vile vyeti asome. Alicheka. Kimeandikwa tarehe ya kuhamilisha, chini yake tarehe ya kupima kwa mkono na matokeo "ana mimba", na tarehe zimepishana siku 14. Hakuna mkono duniani unaoshika mimba ya wiki mbili, daktari mzoefu sana anaanza kuisikia kwenye mwezi mmoja na nusu na wengi wanasubiri miezi miwili au zaidi. Aliyeandika kile cheti hajawahi kupima ng'ombe. Muhuri una jina la daktari na namba. Madaktari wa mifugo wanasajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya sheria ya 2003, kwaiyo ni jambo la kuuliza tu, tukauliza, na jina hilo halimo. Halmashauri ya huko nao hawamjui. Hapo ikawa sio udanganyifu peke yake, kuna kughushi, na niseme ukweli ndo kilichomfanya mpelelezi anyanyue kalamu. Ukienda na hadithi ya ng'ombe hana mimba unaambiwa madai, ukienda na muhuri wa mtu asiyekuwepo unapewa RB, ile namba ya taarifa yako polisi, na mtu wa kukufuatilia jalada lako.

Ila kilichommaliza jamaa ni karatasi ambayo hakuna mtu huwa anaikumbuka, kibali cha kusafirisha mifugo. Ng'ombe hawatoki mkoa kwenda mkoa bila kibali, njiani kuna vizuizi wanakigonga mihuri, na wakifika mnunuzi anawaangalia ng'ombe, karatasi inabaki kwa dereva. Nikamtafuta dereva wa fuso, kupitia watu wa Pugu haikua shida, madereva wa mifugo wanajuana. Alikua nacho kwenye dashibodi pamoja na karatasi nyingine za miezi mingi, kimekunjwa kina mafuta. Kimeandikwa rangi za ng'ombe, idadi, mwenye mali, na sehemu ya asili ya mifugo haijaandikwa shamba, imeandikwa mnada. Nyuma imebanwa stakabadhi ya ushuru wa mnada, tarehe yake wiki tatu tu kabla ya kumuuzia mama mdogo. Yani mtu aliyezalisha mwenyewe na kuhamilisha mwenyewe miezi mitano nyuma kanunua ng'ombe hao wiki tatu zilizopita.

Minada mingi muuzaji anakuja na barua ya mtendaji wa kijiji chake inayosema mnyama ni wake, hiyo ni kwa ajili ya wizi. Mpelelezi akafuata barua zile akawapata wauzaji wa mwanzo. Wawili hawakua na la kusema zaidi ya kwamba waliuza. Wa tatu alikua mzee mmoja wa Hai, kulekule Kilimanjaro, na yeye ndo alisimama mahakamani akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba yule mtamba mzuri alizaliwa pacha na dume, yeye mwenyewe alihangaika nae misimu miwili hashiki mimba, akaamua kumpeleka mnadani kwa bei ya nyama. Laki 7. "Nlimwambia kijana huyu hazai, mpeleke bucha, akaniambia ndo anakompeleka mzee wangu." Wakili wa utetezi alimuuliza maswali mengi ya kumchanganya tarehe, mzee akasema tarehe sikumbuki ila ng'ombe wangu namjua.

Kabla hatujafika huko lakini, kulikua na kuahirishwa kwingi, mara hakimu ana semina, mara shahidi hajapata wito. Na ng'ombe ndo vielelezo jamani! Kielelezo kinakula pumba na mashudu kila siku. Yule tasa alikaa pale kwa mama mdogo miezi na miezi ananenepa kwa hela ya mlalamikaji mpaka daktari alipoandika ripoti yake rasmi, zikapigwa picha zenye hereni yake ya utambulisho sikioni inaonekana, ndo tukaruhusiwa kumtoa. Wengine wawili walihamilishwa wakashika bila shida, walikua wazima, shida yao ilikua tu hawakua na mimba waliyouzwa nayo.

Katikati hapo akaja mjomba wa jamaa na wazee wawili, wamevaa vizuri, wanasema tuyamalize kindugu, kijana ana watoto wadogo, watarudisha nusu. Mi kwakweli ningekubali, nimeona kesi zinavyokula watu. Mama mdogo akawakaribisha chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema "baba zangu, yeye aliniita mwalimu, na mwalimu mtoto akiandika uongo kwenye daftari anampa kosa, hampi nusu." Wakanywa chai wakaondoka. Nlimlaumu njia nzima siku ile nilivyokua nampeleka mjini, na bado nafikiri aliponea kwenye bahati, maana bila yule dereva kutunza makaratasi tungeshindwa na ile nusu tusingeiona.

Hukumu ilikuja kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu na kwa kughushi. La lita 18 hakimu wala hakuligusa, vile vile alivyosema wakili. Faini au jela, na fidia ya tofauti ya bei ya ng'ombe na gharama za daktari. Faini kailipa siku ile ile, hela ya faini huwa inapatikana haraka. Fidia ndo imekua hadithi.

Siku hizi mama mdogo akinunua ng'ombe, au mtu akimwomba amsindikize, anamwandikia muuzaji meseji kabla ya safari. Haulizi atatoa lita ngapi. Anauliza leo asubuhi ametoa lita ngapi, jana jioni ngapi, amezaa mara ngapi, umempata wapi na lini, alizaliwa peke yake au pacha, nani alimpima na lini. Alafu anaenda jioni anaangalia akikamuliwa, analala kwa ndugu yeyote wa karibu, asubuhi anaangalia tena, maana ng'ombe akiachwa bila kukamuliwa tangu jana kiwele kinajaa kinang'aa unaona lita 20 kumbe ni za siku mbili. Anakamua mwenyewe chuchu zote nne, michirizi ya kwanza anaiweka kwenye kitambaa cheusi aone kama kuna mabonge, maana chuchu moja iliyokufa kwa ugonjwa wa kiwele muuzaji hawezi kukutajia. Na kibali anataka nakala kabla gari halijawaka. Wapo wauzaji wakiona hayo maswali wanajibu vizuri moja moja. Wapo wanaoandika "mama we njoo ununue kwa macho yako", hao mama mdogo hawajibu tena, na wapo wanaomblok kabisa.

Kuhusu fidia, jamaa alilipa mafungu mawili ya mwanzo, alafu ikawa mwalimu shikamoo hali ngumu, mwalimu mtoto anaumwa, mwalimu mwezi ujao. Juzi mama mdogo karudi mahakamani kuomba mali zikamatwe. Jamaa ana pikipiki na ana ng'ombe wanne zizini anaodai watatu wana mimba, na mama mdogo ameshasema wasithaminiwe mpaka yule daktari wetu aende na glavu yake.